Kengele Iliyoachwa Juu

Tangu Jumapili Nora Sagar hakuwa na raha. Chai ilimpoea mkononi, mkate aliuchoma ukawa mkaa, na kila kishindo cha wabomoaji kutoka upande wa kanisa kilimrusha kitini. Alikuwa ameiacha kengele juu. Hakuna aliyejua ila yeye, na hakuwa na ubavu wa kumwambia mtu.

Kwa asiyepiga kengele, hilo si neno la kumkosesha mtu usingizi. Lakini kengele ya mnara haichezewi. Wapigaji huibembeza kwa kamba iliyozungushwa kwenye gurudumu lake, juu zaidi na zaidi, mpaka inasimama kichwa chini na mdomo ukiangalia mbinguni, na hapo inaegemea kigingi kimoja cha mti, basi. Hiyo ndiyo kengele iliyoamshwa. Kazi ikiisha hulazwa, yaani hubembezwa kwa hesabu ileile mpaka ining'inie imetulia. Asiyejua akiishika kamba ya kengele iliyo juu akaivuta, uzito wote ule hugeuka juu yake. Akiwa na bahati atachubuka viganja. Bahati ikimkimbia, kamba itamnyanyua hadi kwenye dari na kumshusha akiwa si mtu tena. Na aliyeko juu, karibu na kengele yenyewe, huyo tusimseme.

Kanisa la Mtakatifu Marko lilijengwa na Josiah Fell, mwenye viwanda vya pamba, enzi za Malkia Victoria, wakati mji wa Hebbleshaw ulikuwa na moshi mwingi kuliko mkate. Yeye alisema amelijenga kwa utukufu wa Mungu. Babu zake Nora, waliomfumia nguo tangu meno ya utoto hayajang'oka, walisema amelijenga ili awaone hata siku ya mapumziko. Akaupandisha mnara ukazipita dohani zake mwenyewe, akatia kengele sita, na ile kubwa kupita zote akaipa jina la mkewe, Charlotte. Inasemekana mama huyo naye alikuwa na sauti.

Miaka mia ilipita watu wakibatizwa humo, wakioana humo, wakitolewa humo miguu mbele. Kisha viwanda vikafa kimoja kimoja. Watu wakahamishiwa kwenye maghorofa ya mlimani, kwenye lifti zinazonuka mkojo. Paa likavuja, mbao zikaoza, kasisi akawa anawahubiria wanawake wachache waliokaa na makoti yao mwilini kwa baridi. Wakubwa wa dayosisi wakakutana, wakanywa chai yao, wakakata shauri kwamba libomolewe. Kengele ziende parokia nyingine, mawe yauzwe, kiwanja kiwe maegesho ya magari. Nora alipoisikia hiyo ya maegesho alitukana mbele ya kasisi, na hakuomba radhi.

Alikuwa ameishika kamba ya Charlotte tangu baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wanaume wengine waliporudi na wengine wasirudi. Aliipiga siku alipomzika mumewe, machozi yakimtiririka na mkono usikosee. Ni yeye mwenyewe aliyemfundisha mwanawe Derek kupiga zile ndogo, hadi kijana alipoota ndevu akaona mambo ya kanisa ni ya wazee. Hilo alimsamehe. Hakumsamehe la pili. Kiwanda cha mwisho kilipofungwa, wakati wa majira ya kuchipua, Derek alikwenda kuomba kazi kwa wabomoaji, akaipata, na orodha ya kazi zao ikawa na Mtakatifu Marko.

"Kazi ni kazi, Mama," alisema siku ile. "Nisipobomoa mimi atabomoa mwingine."

"Basi abomoe huyo mwingine," Nora alijibu, na tangu siku hiyo akamnunia. Walilala chini ya paa moja, akamfulia, akamwekea sahani yake mezani, viazi na soseji vikitoa moshi, halafu akageuza uso akatazama dirisha.

Jumapili ndiyo ilikuwa ibada ya mwisho. Wapigaji walipiga saa nzima, kisha wakazilaza kengele zao moja baada ya moja. Ilipobaki Charlotte, Nora akawaambia waende.

"Niachieni. Mama huyu nitamlaza mwenyewe, tukiwa wawili."

Mzee Wilf Tattersall, kiongozi wa wapigaji, alipenga kamasi akamwambia, "Haya, Nora, usikawie, chumba hiki kina baridi ya kaburi." Akashuka na wenzake, akimwamini kama alivyomwamini miaka yote.

Nora akaishika kamba. Akasimama nayo. Alijua akiivuta ataisikia sauti ile ikipungua, ikipungua, mpaka inyamaze, na haitasema tena pale. Ilikuwa sawasawa na kumfumba mtu macho. Mikono ikamgomea. Akasema kwa sauti, peke yake mle chumbani, "Walioamua kumuua wamuue wenyewe." Akaikunja kamba, akaitundika kwenye ndoano ya ukutani, akashuka. Kile kibao chekundu cha hatari, ambacho kila mpigaji hukitundika anapoacha kengele juu, alikiacha nyuma ya mlango. Angekitundika, Wilf angekiona siku yoyote akajua kwamba Nora Sagar ameshindwa.

Hasira ilipopoa hofu ikaingia. Jumatatu alijiambia wanaanza na paa, mnara wa mwisho. Jumanne alijiambia atampitia Wilf jioni. Jioni ilifika akaketi na kufuma soksi, Derek akila ng'ambo ya meza, akimtazama kama anayesubiri kitu. Nora akageukia dirisha. Jumatano alisema kesho.

Kesho yake ikamkuta kwenye foleni ya bucha. Alikuwa ameagiza maini, muuzaji ameshaanza kukata, Wilf alipoingia akihema.

"Umesikia, Nora? Wameanza mnara, hata kengele hawajazishusha."

"Mnara? Si walisema wa mwisho?"

"Walisema! Na mimi nilisema nitaoa malkia. Wametia mashine ya kutoboa chini upande wa barabarani, vioo vya dirisha langu vinacheza rumba. Na Derek wako nimemwona anapanda mnarani na miti begani. Sijui anatafuta nini, wenzake wote wako chini."

Nora hakuyangoja maini. Muuzaji alimwita, "Bi Nora, mzigo wako!" naye alikuwa ameshavuka barabara, mbele ya lori la bia lililompigia honi kwa hasira. Hakuwa amekimbia tangu ujana. Magoti yalimuuma, koti lilimkamata miguuni, na kichwani mlikuwa na picha moja tu: mwanawe ameinama chini ya ile shaba, na kigingi kimoja cha mti wa kizee kikitikisika kila mashine inaponguruma. Moyoni alisema, Mungu wangu, mimi. Ni mimi.

Grimshaw, msimamizi wa wabomoaji, mtu mfupi mwenye kofia ngumu na tumbo gumu vilevile, alimkingia mkono langoni.

"Mama, ibada zimekwisha. Rudi nyumbani ukanywe chai."

"Zima mashine!"

"Nini?"

"Zima hiyo mashine, bwana, kengele iko juu!"

"Kengele si ndiyo mahali pake, juu?" Grimshaw alicheka, akawageukia vijana wake ili nao wacheke. Kisha akauona uso wa Nora, na kicheko kikamkauka. Akainua mkono. Mashine ikakohoa, ikazima.

Katika ule ukimya wakasikia sauti kutoka juu, nyembamba, ikipita kwenye mbao za madirisha ya mnara. "Asiguse mtu kamba! Mnanisikia? Mtu asiguse kamba!"

Ilikuwa sauti ya Derek. Nora akampita Grimshaw kana kwamba hayupo.

Ngazi za mnara ule zilizunguka gizani, naye alizijua kwa nyayo tangu usichana, lakini siku hiyo zilikuwa na changarawe na vumbi la chokaa, akateleza na kujigonga ukutani. Alisali, kisha akasahau alichokuwa anaomba. Alipofika chumba cha kamba alimkuta kijana wa kazi, Len, mwenye nywele nyekundu, amesimama katikati. Mtikisiko wa mashine ulikuwa umeiangusha kamba ya Charlotte kutoka kwenye ndoano. Ilikuwa inaning'inia pale mbele yake, na Len ameinyooshea mkono.

"Toa mkono wako!" Nora alipiga ukelele. Len akaruka kama aliyeungua.

"Nilitaka kumsaidia, mama. Amekwama. Nilidhani nikiivuta kidogo..."

"Ungemuua. Rudi ukutani."

Darini palikuwa na mlango mdogo uliokuwa wazi, na ngazi ya mbao imeuegemea. Nora akasimama chini yake. Hakuona kitu ila giza na vumbi.

"Derek!"

"Mama? Nani kakuruhusu kupanda? Shuka!"

"Uko wapi?"

"Shimoni kwa Charlotte, hapa anapobembea. Chini yake hasa. Nilikuwa nataka kulikaba gurudumu kwa miti, mashine ikaanza, mguu ukaingia katikati ya boriti mbili. Hautoki." Alikuwa anajitahidi kusema taratibu, na ule utaratibu ulimtisha Nora kuliko kelele. "Mama, kigingi kimepasuka. Nakisikia kinalia."

Nora naye akakisikia. Mlio mdogo wa mti unaochoka, kama ngazi ya nyumbani inavyolia mtu akikanyaga. Ukanyamaza, ukalia tena.

Hakukuwa na cha kuchagua. Kengele ikizidi kukiegemea kigingi, kigingi kitakatika, na shaba yote ile itaangukia upande wa pili, izunguke na kumkuta mtu aliye shimoni. Ilibidi mtu aishike kamba, aitoe kengele kwenye kigingi taratibu mpaka ifike pale juu kabisa ambapo haiendi huku wala kule, na aishikilie hapo. Pale uzito wake si kitu, mtoto anaweza kuubeba. Lakini ni nafasi nyembamba mno. Ukivuta kupita kiasi, inashuka. Ukilegeza, inarudia kigingi kwa kishindo. Wapigaji wazuri huweza kuishikilia hapo kwa pumzi chache, kwa kujigamba. Nora hakuwahi kuona mtu akiishikilia kwa muda wa kutoa mguu uliobanwa.

"Nitaishika," alisema.

"Utaweza?"

Alipangusa viganja kwenye koti. "Nimeishika kabla hujazaliwa," akamjibu kwa ukali, maana ukali ndio pekee aliokuwa amebaki nao. Akamgeukia Len. "Wewe, una mtaimbo?"

"Ninao, mama."

"Ukisikia nimesema 'sasa', panda. Mtoe mguu. Usiguse gurudumu, usiguse kengele, usiegemee kitu chochote kinachozunguka. Umenielewa?"

Len alikuwa amepauka mpaka midomo. Akaitikia kwa kichwa.

Nora akaishika kamba pale penye kishikio cha sufu kwa mkono mmoja, na ncha yake kwa mkono mwingine. Akafumba macho. Akavuta polepole, akiusikiliza uzito ukija kwake kupitia kamba, hatua kwa hatua, mpaka ukapungua, ukapungua, ukawa kama hakuna kitu kule juu. Charlotte alikuwa amesimama.

"Sasa."

Alizisikia buti za Len kwenye ngazi, halafu juu ya dari. Alisikia chuma kikikwangua mti. Derek aligumia. Jasho lilimwingia Nora machoni na hakuweza kulifuta. Kengele ilikuwa hai. Ilitaka kwenda huku, akairudisha kwa unene wa uzi. Ikataka kwenda kule, akaifuata. Hakuthubutu kupumua kwa kina, maana hata kifua kikipanda kamba ilijua. Mabega yalianza kuwaka. Njiwa alirukaruka mahali fulani juu na Nora akamchukia yule ndege kwa moyo wake wote.

"Ubao umebana kisigino," Len alisema huko juu, sauti ikimpanda. "Siwezi kuuinua."

"Weka chini zaidi," Derek akamwambia. "Chini. Hapo. Kandamiza, Len, usinionee huruma."

Ndipo kengele ikakigusa kigingi, na kigingi kikakatika. Pa! Kipande kikagonga boriti, kikaanguka mahali fulani. Len akapiga yowe. Nora aliisikia kengele ikistuka mikononi mwake, ikiinama upande wa pili ambako sasa hapakuwa na cha kuizuia, na kamba ikaanza kumpanda viganjani. Akaivuta. Hakujua alivuta kiasi gani. Mikono ilivuta yenyewe. Ikasita. Ikarudi. Ikasimama.

"Mama?"

"Usinisemeshe."

Alikuwa analia bila sauti. Akilini aliona jeneza, aliona Wilf amevua kofia, akajiona amekaa mbele ya meza yenye sahani ambayo hakuna wa kuilia. Hakukuwa na kingine tena kati ya ile kengele na mwanawe ila vidole vyake, na vilikuwa vimeanza kufa ganzi.

Kukwangua. Mguno. Kisha kilio kikali cha Derek, na baada yake vishindo vya watu wawili wakitambaa. Miguu ya Len ilitokea kwenye mlango wa dari, akashuka kama anayeanguka, akapita mbio kuelekea ngazi za mawe bila kutazama nyuma. Nyuma yake akaja Derek, uso mweupe kwa vumbi, buti moja mguuni na mguu mwingine damu tupu.

"Nenda nje," Nora alimwambia.

"Na wewe?"

"Haina kigingi. Siwezi kuiacha. Nikiiachia, kamba itachapa kila kitu humu na itabembea mpaka ichoke yenyewe. Lazima niilaze."

Kutoka chini Grimshaw alikuwa anapaza sauti kwamba washuke, upande mmoja wa mnara umeshakatwa, ukuta hautastahimili kengele ikipiga. Alikuwa anasema kweli, na wote wawili walijua. Derek aliketi chini, mgongo ukutani.

"Nenda, Derek!"

"Laza kengele, Mama."

Nora akaivuta. Charlotte akageuka, na sauti ikawashukia, ile kubwa, ya siku zote. Mnara wowote huyumba kidogo kengele ikipiga, huo ndio uzima wake. Lakini safari hii uliyumba ukachelewa kurudi. Chokaa ikaporomoka. Ufa ukafunguka ukutani kutoka dirishani kwenda chini, mwanga wa mchana ukapenya mahali ambapo haujawahi kupenya. Nora alilegeza, akavuta, akalegeza, kila mara akiipunguzia kengele mwendo, akitaka kuharakisha na akijua haiharakishwi. Kila sauti ilikuja na mtikiso, na kila mtikiso alingoja sakafu iondoke chini ya miguu. Derek alikuwa ameweka kiganja kwenye ule ufa, kana kwamba angeweza kuuzuia.

Sauti zikafuatana karibu karibu, zikashuka, zikawa mnong'ono. Kisha Charlotte akaning'inia. Mnara ukabaki umesimama.

Walishuka wakishikana, Nora akimwegemeza mwanawe begani, ingawa alimzidi mwili. Nje watu walikuwa wamejaa barabarani, wengine wanalia, maana walidhani labda kanisa limesamehewa. Grimshaw aliwangoja mlangoni akiwa mwekundu kama nyanya.

"Nani mwendawazimu aliyeiacha ile kengele juu? Nani? Na wewe, Sagar, nani alikutuma mnarani?"

Wilf alikuwa amesimama nyuma yake. Alimtazama Nora, akaelewa, akainamisha macho. Grimshaw akauona mguu wa Derek, akaondoka akitukana kwenda kuita gari la wagonjwa.

Walikaa juu ya jiwe lililong'olewa ukutani. Nora alimfunga mguu kwa skafu yake. Viganja vyake mwenyewe vilikuwa vimechunika, na damu yake iliingiana na ya mwanawe kwenye kitambaa.

"Kweli, nani alikutuma?" aliuliza.

"Hakuna."

"Sasa ulifuata nini?"

"Jumapili nilikuwa nje. Hapo ukutani, upande wa makaburi. Nilikuja kuwasikiliza. Nikazisikia zikilazwa, moja moja. Yako sikuisikia."

Nora akaacha kufunga.

"Nikasema labda sikusikia vizuri. Nikangoja uniambie. Kila siku mezani nilingoja. Leo Grimshaw akasema tunaanza mnara, nikaona vijana watapanda, mmoja ataivuta kwa utani. Nikawahi."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza vipi, Mama? Sahani unaniwekea. Salamu huniwekei."

Nora alitaka kusema kwamba angemwambia, kwamba leo, jioni hiihii, angesema. Maneno yalifika mdomoni akayajua kuwa ni uongo. Akawatazama wabomoaji waliokaa kwenye vifusi wakivuta sigara, vijana wa watu, na akajua lile ambalo angelisema kama wangemshushia mwanawe maiti kwenye turubai. Angesema hawa ndio waliomuua. Angelisema kanisani kwa watu na kaburini kwake, mwaka baada ya mwaka, mtaa mzima ungemwamini, na yeye mwenyewe angeyaamini maneno yake.

Mwili wote ukaanza kumtetemeka, sasa hivi, jua likiwaka na hatari imekwisha. Derek akamwekea mkono begani akamuuliza kama anasikia baridi.